Mdogo wangu ana hisa 40 za DraftKings. Je, ni kweli naye ni mmiliki?

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo: "Mdogo wangu anaishi Worcester, jimbo la Massachusetts, na ni mtu wa mikeka tangu akiwa huku nyumbani. Mwaka jana alinunua hisa 40 za DraftKings, kampuni hiyohiyo anayobetia. Siku hizi mkeka ukichanika ananiambia hana wasiwasi, kwa sababu hela inayoliwa inaingia kwenye kampuni yake mwenyewe. Nimetafuta mmiliki halisi wa kampuni hiyo nikachanganyikiwa. Pengine naambiwa ni Jason Robins, pengine Vanguard, pengine naambiwa ni ya umma. Ni ya nani hasa? Na mdogo wangu ana haki ya kuiita yake?"

Kaka, majibu yote matatu uliyopewa ni ya kweli. Yamekuchanganya kwa sababu kila moja linajibu swali lake. Sisi tukisema "mwenye nyumba" tunamaanisha mtu mmoja: ndiye anayepokea kodi, ndiye anayeamua nani apange na ukuta upi ubomolewe, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye hati. Kwenye kampuni ya aina hii vitu hivyo vitatu vimetenganishwa. Kodi ina wenyewe, uamuzi una mwenyewe, na jina la kwenye hati ni la mwingine kabisa. Nitakaa zaidi kwenye uamuzi, maana hapo ndipo DraftKings inapoachana na kampuni nyingi tunazozijua.

Nianze na ilikotoka, kwa sababu umiliki wa kampuni huwa ni historia ya nani alileta hela, lini, na kwa masharti gani.

DraftKings ilianzishwa mwaka 2012 na vijana watatu waliokuwa wakifanya kazi pamoja Vistaprint, kampuni ya uchapishaji wa mtandaoni: Jason Robins, Matt Kalish na Paul Liberman. Walianzia kwenye chumba cha ziada nyumbani kwa Liberman, Watertown, nje kidogo ya Boston. Wakati huo haikuwa kampuni ya kubeti kama tunavyoielewa. Ilikuwa ya fantasi: unachagua wachezaji kutoka timu mbalimbali, unaunda kikosi chako, unalipa kiingilio, na kikosi kikipata pointi nyingi unashinda zawadi. Kubeti matokeo ya mechi kulizuiwa karibu Marekani nzima, ukiondoa Nevada na majimbo machache, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1992. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitupa sheria hiyo na kila jimbo likaachiwa liamue lenyewe. Agosti mwaka huohuo DraftKings ikafungua kubeti kwa simu New Jersey. Massachusetts, anakoishi mdogo wako na ndiko kampuni ilikozaliwa, ilichelewa: kubeti kwa simu kulianza huko tarehe 10 Machi 2023.

Miaka yote hiyo kampuni ilikuwa ikila fedha nyingi kuliko ilivyoingiza. Matangazo, bonasi za kuwavuta wateja wapya, leseni, mawakili. Fedha hizo zilitoka kwa wawekezaji, na kila aliyeleta fedha aliondoka na kipande. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilichukua chake mwaka 2013. Mwaka 2015 Fox Sports iliongoza uwekezaji wa dola milioni 300. Kraft Group, ya Robert Kraft mwenye New England Patriots, nayo ikaingia. Mwaka 2019 Disney iliponunua sehemu kubwa ya mali za Fox, kipande cha DraftKings kikawa ndani ya furushi. Kwa hiyo Disney, kampuni ya katuni za watoto, ikajikuta mwanahisa wa kampuni ya kamari bila kuwahi kwenda dukani kuinunua. Nakutajia haya uone kwamba hata kabla ya kuingia sokoni, waanzilishi walishakata keki vipande vingi sana. Kwa hesabu ya mali peke yake, Robins asingekuwa na sauti ya kuizidi nyumba nzima.

Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 2020, siku hisa zilipoanza kuuzwa soko la Nasdaq kwa alama ya DKNG. Kampuni haikupita njia ya kawaida ya kuuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza. Iliungana na kampuni tupu iitwayo Diamond Eagle, ambayo ilikuwa imekusanya dola milioni 400 sokoni mwaka 2019 bila kuwa na biashara yoyote, kazi yake ikiwa kutafuta kampuni ya kuoana nayo. Kwenye ndoa hiyohiyo aliingia wa tatu, SBTech, kampuni ya teknolojia ya kubeti iliyoanzishwa na Shalom Meckenzie wa Israeli, naye akalipwa sehemu kwa hisa. Na angalia majira yenyewe: Aprili 2020, korona imefunga viwanja dunia nzima, hakuna NBA, hakuna besiboli, watu wanabeti mpira wa meza wa Urusi. Ndipo kampuni ya kubeti michezo ikaingia sokoni, na wanunuzi wakaipokea kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe.

Siku ya ndoa hiyo kampuni ilitoa hisa za aina mbili. Za daraja A ndizo zinazouzwa sokoni, ndizo alizonunua mdogo wako. Kila moja ina kura moja, na kila moja ina haki ya kushiriki kwenye faida ikigawanywa na kwenye mabaki ya mali kampuni ikifungwa. Hisa hizi zimekuwa takriban milioni 490. Za daraja B ziko takriban milioni 393, na zote ziko mikononi mwa mtu mmoja, Jason Robins, mtendaji mkuu na mwenyekiti wa bodi. Kila hisa ya B ina kura kumi. Na hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa: hisa ya B haina haki ya fedha hata senti. Haina gawio, haina sehemu kwenye mabaki, haiuzwi sokoni. Ni kura tupu.

Chukua karatasi upige hesabu. Milioni 393 mara kumi ni kura bilioni 3.93. Ukiweka kura zote za daraja A, milioni 490, jumla inakuwa kura bilioni 4.42. Gawanya: Robins peke yake ana karibu asilimia 89 kwa hisa za B, na ukijumlisha za A alizonazo anafika kama asilimia 90. Lakini za A, yaani za fedha, anazo asilimia chache tu za zote. Ana utajiri mkubwa ndani yake, sikatai, ila sehemu ya mali aliyonayo na sehemu ya uamuzi aliyonayo hazikaribiani hata kidogo.

Linganisha na kitu ulichokiona hapa nyumbani. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma, shilingi 850 kila moja. Walimu, wakulima, wafanyabiashara wa Kariakoo, wengi walinunua. Asilimia 75 zikabaki kwa wenyewe wa awali. Nani anaamua pale? Wa asilimia 75, na hakuna aliyelalamika kuhusu hilo, kwa sababu wameweka mali yao asilimia 75. Kura inafuata mfuko. Mkubwa akikosea, anaumia mara tatu kuliko wadogo wote pamoja. Boston mambo ni tofauti: mwenye mfuko mdogo ndiye mwenye kura. Wenye asilimia zaidi ya 90 ya mali hawawezi, hata wakiungana wote kutoka Boston hadi Tokyo, kumwondoa mkurugenzi mmoja asipotaka Robins.

Nasdaq ina jina rasmi la hali hiyo, kampuni inayodhibitiwa, na ikishakuwa hivyo inaruhusiwa kutofuata baadhi ya kanuni, kwa mfano ile inayodai bodi iwe na wakurugenzi wengi walio huru. DraftKings yenyewe imeandika waziwazi kwenye taarifa zake kwamba iko kwenye kundi hilo. Hakuna kilichofichwa. Kila mwaka wanachapisha, kwa lugha nyepesi ya kutosha, kwamba mwanahisa mwingine yeyote hatakuwa na uwezo wa kubadili matokeo ya kura. Watu hawasomi tu.

Utaniuliza, kwa nini wawekezaji walikubali? Kwa sababu mwanzilishi alikuwa na hoja, na hoja yenyewe si ya kubeza. Biashara hii ilihitaji kupoteza fedha kwa miaka mingi kabla ya kusimama. Mwaka 2021 ilipata hasara ya takriban dola bilioni 1.5, mwaka 2022 takriban bilioni 1.4, mwaka 2023 takriban milioni 800, mwaka 2024 takriban milioni 507. Katika miaka hiyohiyo mapato yalipanda kutoka bilioni 1.3 hadi karibu bilioni 4.8. Bei ya hisa ilivuka dola 70 Machi 2021, ikaporomoka hadi kama dola 11 mwishoni mwa 2022. Meneja wa kawaida, mwenye bosi wa kumfukuza, angetolewa siku bei ilipogusa 11. Robins hakuweza kutolewa, akaendelea na mpango wake. Wapo wanaosema ndiyo sababu kampuni haikufa. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu kwa miaka ya mwanzo, na inapungua nguvu kila mwaka kampuni inapokomaa. Mtoto anahitaji kushikwa mkono kuvuka barabara. Akishakuwa na miaka thelathini, kumshika mkono ni jambo jingine. Katiba ya kampuni imeweka masharti yanayomhusu Robins mwenyewe ambayo yakitokea hisa za B zinafutika, kwa hiyo si ufalme wa milele. Ila mpaka hapo, uamuzi ni wake.

Basi ukiuliza "nani anaamua DraftKings?", jibu ni Jason Robins, na usiruhusu mtu akuzungushe.

Sasa Vanguard imetokea wapi? Hili ndilo linalowapoteza watu wengi wanaotafuta mitandaoni, kwa hiyo nisikilize vizuri. Marekani, wasimamizi wa fedha wenye zaidi ya dola milioni 100 kwenye hisa wanalazimika kila robo mwaka kupeleka orodha ya wanachoshika kwa mamlaka ya masoko, SEC. Tovuti nyingi zinazokuonyesha "wamiliki wakubwa" zinachota orodha hizo na kuzipanga kwa ukubwa. Orodha hizo zina taasisi peke yake, na zinahusu hisa zinazouzwa sokoni. Hisa za B hazimo. Ndiyo maana unaona Vanguard juu, BlackRock karibu yake, na mtu mwenye asilimia 90 ya kura haonekani popote. Orodha si ya uongo, inajibu tu swali ambalo hukuliuliza.

Na Vanguard yenyewe si mwenye mali kwa maana unayoifikiria. Unaijua UTT, ile taasisi ya uwekezaji wa pamoja inayouza vipande. Mwalimu wa Kilosa akinunua vipande vya Mfuko wa Umoja, mfuko unakwenda soko la Dar es Salaam kununua hisa. Kwenye daftari la kampuni unaandikwa mfuko. Mwalimu haonekani. Lakini hela ni ya mwalimu, na bei ikipanda ni kipande chake kinachopanda. Vanguard ni UTT kubwa mno. Inanunua karibu kila hisa iliyopo sokoni, nzuri na mbaya, kwa sababu mifuko yake mingi imeahidi kufuata soko zima bila kuchagua. Nyuma yake kuna mamilioni ya watu wanaoweka akiba ya uzeeni kila mwezi. Mdogo wako akiwa na ajira yenye akiba ya uzeeni huko Worcester, upo uwezekano mkubwa ana kipande kidogo cha DraftKings ndani yake hata kabla hajanunua zile 40. Na muuguzi wa Kilutheri pale Minnesota anayeiona kamari kuwa dhambi naye anacho, bila kujua. Hilo mimi linanigusa sana. Watu wangapi wanamiliki kitu wasichokubaliana nacho, na hakuna aliyewauliza?

Tumebakiza jina la kwenye hati. Mdogo wako akifungua programu ya dalali wake anaona hisa 40 na jina lake juu. Kwenye daftari la wanahisa la DraftKings, jina lake halimo. Hisa karibu zote zinazouzwa masoko ya Marekani zimeandikwa kwa jina la Cede & Co., jina linalotumiwa na hifadhi kuu ya hisa ya New York iitwayo Depository Trust Company. Hifadhi inashika kwa niaba ya madalali, madalali wanashika kwa niaba ya wateja. Mdogo wako yuko ngazi ya tatu. Usiogope, mpango huu ni wa kisheria na haki zake za fedha na za kura zinamfikia kupitia ngazi hizo. Akitaka jina lake liandikwe moja kwa moja kwenye daftari anaweza kumwambia dalali ahamishe. Wachache wanafanya hivyo, maana kuuza kunachelewa kidogo. Sisi wa Dar tumezoea akaunti ya CDS, yaani ya hifadhi ya hisa ya soko letu, yenye jina la mtu, hivyo mwanzoni jambo hili linatushtua. Nilipoanza kazi ya udalali ilinichukua muda kuelewa kwamba mwanahisa mkubwa kuliko wote wa karibu kila kampuni ya Marekani, kwa jina, ni kampuni ambayo watu hawajawahi kuisikia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni la kampuni za kamari hasa, na huwezi kulikuta kwenye kampuni ya saruji. Hapa umiliki una mwenye kuukagua. Leseni za kamari zinatolewa na kila jimbo, na mamlaka za majimbo zina haki ya kumchunguza mtu anayeshika hisa nyingi: fedha zake zimetoka wapi, amewahi kushtakiwa kwa nini, anashirikiana na nani. Nevada, ambayo ina uzoefu mrefu wa kupambana na wahalifu kwenye kasino, inataka anayevuka asilimia 5 ajitaje, na anayevuka asilimia 10 aombe kuthibitishwa kuwa anafaa. Akionekana hafai, hana uhuru wa kusema hisa ni zangu nazishika. Katiba za kampuni hizi, DraftKings ikiwemo, zinaipa kampuni uwezo wa kuzinunua kwa lazima hisa za mtu asiyefaa ili leseni isipotee. Kwa hisa 40 hakuna atakayemgusa mdogo wako. Nakueleza ili ufahamu kwamba hata neno "yangu" kwenye biashara hii lina sharti chini yake.

Na kabla ya mwanahisa yeyote, yupo mwingine anayekula kwanza: jimbo lenyewe. Massachusetts inachukua asilimia 20 ya mapato ya kubeti kwa simu. New York inachukua asilimia 51. Hiyo inakatwa kwenye kile kinachobaki baada ya washindi kulipwa, kabla ya mishahara, kabla ya matangazo, kabla ya chochote. Jimbo la New York halina hata hisa moja ya DraftKings na halibebi hasara yoyote, lakini kwa kila dola 100 ambazo wabetiji wa huko wanaliwa, linaondoka na 51. Ukiwahi kuulizwa nani anafaidi zaidi na kubeti New York, usianze na majina ya matajiri.

Sasa nirudi kwa mdogo wako na maneno yake kwamba hela inayoliwa inamrudia. Hapa naomba umsomee hesabu hii taratibu, kwa upendo, maana naona hatari.

Hisa 40 kati ya milioni 490 ni sehemu moja kati ya milioni 12 na robo. Achana na kodi ya jimbo, achana na mishahara, tuseme kila dola anayoliwa inageuka kuwa faida safi na inagawiwa yote kwa wanahisa jioni hiyohiyo. Akiliwa dola 100, sehemu yake haifiki hata sehemu moja ya elfu ya senti. Ili senti moja, senti moja tu, irudi mfukoni mwake, lazima aliwe dola 122,500. Na hapo nimeisaidia kampuni kwa kujifanya inagawa faida. Mpaka miaka hiyo niliyokutajia ilikuwa kwenye hasara na haikulipa gawio. Kitu cha karibu kilichofanyika ni mwaka 2024, bodi iliporuhusu kampuni inunue hisa zake yenyewe sokoni hadi za dola bilioni moja, jambo linalopunguza idadi ya hisa na kuwanufaisha wanaobaki, lakini halimpi mtu hela mkononi.

Anachokifanya ni vitu viwili tofauti ambavyo amevifunga kamba moja kichwani. Kununua hisa ni uwekezaji wenye hatari, na anaweza kupata au kupoteza kutegemea bei. Mikeka ni matumizi. Kuwa na cha kwanza hakupunguzi hata kidogo uchungu wa cha pili. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana sababu nzuri ya kujieleza kila mkeka unapochanika, na mtu mwenye sababu nzuri hupunguza breki. Nimewaona vijana wa namna hiyo hapa mjini, na si kwa hisa za Marekani tu. Akifika mahali anabeti ili kurudisha alichopoteza, hapo suala si hisa tena. Marekani kuna simu ya msaada kwa wenye tatizo la kamari, 1-800-GAMBLER, na programu yenyewe ya kubeti ina sehemu ya kujiwekea kikomo au kujifungia kabisa. Mwombe aitumie kabla hajahitaji.

Kuhusu kampuni nyingine, nitasema kwa ufupi, kwa sababu umiliki wa DraftKings si kielelezo cha zote. Mpinzani wake mkubwa, FanDuel, si kampuni inayojitegemea. Iko chini ya Flutter, yenye asili ya Dublin, iliyotokana na Paddy Power na Betfair kuungana mwaka 2016. Tangu mwaka 2024 soko kuu la hisa za Flutter ni New York, na kule hakuna mwanzilishi mwenye kura kumi kwa hisa: hisa moja, kura moja, na taasisi kubwa zikiungana zinaweza kuiangusha bodi. Betway, ambayo vijana wetu wanaijua kwa jina, iko chini ya Super Group, iliyosajiliwa kisiwa cha Guernsey na kuuzwa soko la New York tangu Januari 2022. Bet365 ya Uingereza haiko sokoni kabisa, ni ya Denise Coates na familia yake, na huwezi kununua hisa yake hata ukiwa na mabilioni. SportPesa, iliyowahi kuwa kifuani mwa Simba, Yanga na Everton, nayo haikuwahi kuorodheshwa soko lolote la hisa. Kwa kampuni kama hiyo mmiliki unamtafuta kwa msajili wa makampuni, na unachoruhusiwa kuona ni kidogo kuliko unachoruhusiwa kuona kwa DraftKings. Kwa hilo, na kwa hilo hasa, kampuni iliyo sokoni ina heshima yake: inalazimishwa kuvua shati.

Mdogo wako akitaka kuthibitisha yote haya asinitegemee mimi wala tovuti za kubashiri bei. Aingie kwenye mfumo wa SEC uitwao EDGAR, bure, hakuna kujisajili, aandike DraftKings. Nyaraka ni nyingi, lakini anahitaji moja tu kwa kuanzia: ile inayotumwa kwa wanahisa kila mwaka kabla ya mkutano mkuu, imeandikwa DEF 14A. Ndani kuna jedwali la kila anayeshika zaidi ya asilimia 5, kila mkurugenzi na hisa zake, na safu ya mwisho inaonyesha asilimia ya kura. Aangalie safu hiyo ya mwisho kwenye mstari wa Robins. Akitaka kujua wakubwa wanauza au wananunua, atafute iitwayo Form 4. Kiongozi wa kampuni akiuza hisa, ana siku mbili za kazi tu kuiwasilisha.

Na haki zake za kweli ni hizi. Anaweza kuuza anapotaka, kwa bei ya siku. Gawio likitangazwa, atapata sehemu yake sawa kwa sawa na ya Robins kwa kila hisa ya A. Kampuni ikinunuliwa, kila hisa yake italipwa. Akidanganywa kwenye taarifa rasmi, sheria inamruhusu kushtaki, na Marekani wanahisa wadogo wanaoungana kwenye kesi moja si jambo geni. Kwa maana hiyo ni mmiliki, na usimcheke akisema hivyo. Ana sehemu ya kodi ya nyumba. Funguo hana.

Mkutano mkuu unafanyika kwa mtandao, na dalali wake atamtumia namba ya kuingilia pamoja na karatasi ya kura. Wenye hisa chache huwa wanaitupa ile barua. Mwambie asiitupe. Apige kura zake 40 ingawa hazitabadili kitu, kisha atumie nafasi ya kuuliza swali kwa maandishi, na swali ninalomshauri aulize ni hili: kampuni sasa iko nje ya utoto, bodi inaona hisa za daraja B ziendelee kwa sababu gani, na mpaka lini?